Lango Lisilo na Ukuta

Afisa mipango wa halmashauri alikuwa mwanamke mwenye subira, lakini subira nayo ina kikomo, na yake ilikomea kwenye kamati ya mandhari. Alikuwa ameandika mpango wa kulilinda bonde lililo nyuma ya mji: vilima viwili, kijito, na msitu ambao kwa bahati njema hakuna kiongozi aliyewahi kuukumbuka. Mpango ulikuwa mfupi. Watu wasijenge, wasichimbe mchanga, wasikate miti, basi. Bonde lingejitunza kama lilivyojitunza kabla halmashauri haijazaliwa.

Madiwani waliusoma, au tuseme waliupapasa, wakakunja nyuso. Mmoja wao, aliyeitwa Bwana Maendeleo kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni hata akiomba maji ya kunywa, alitaka kujua bonde litapata nini kipya. Alipoambiwa halitapata kitu, alicheka kama aliyemsikia mtu akidai mshahara wa kulala.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji wa afisa, mume wa dada yake. Mungu alimjalia kitambi na kipaji kimoja, kukata utepe. Aliwahi kuzindua vyoo vya soko, kisha akarudi kuzindua milango ya vyoo vilevile. Baada ya kikao alimfuata afisa ofisini, akakalia ukingo wa meza, juu ya ramani.

"Shemeji, sasa mimi nitazindua nini?" aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Mgeni rasmi anakuja mwezi ujao. Nimsimamishe mbele ya majani nimwambie, mheshimiwa, haya hatukuyagusa?"

"Ndiyo kazi yenyewe, shemeji. Kutoyagusa."

"Kutogusa hakupigwi picha."

Wiki iliyofuata kamati ilikuja na mpango wake. Mteremko usawazishwe. Vichaka ving'olewe, zipandwe nyasi za bustani. Mawe yapakwe chokaa, na miti nayo ipakwe hadi kiunoni, kana kwamba ilikuwa uchi. Kando ya kijito wawekwe bata wa saruji. Kwamba palikuwa na bata hai, hilo halikumsumbua mtu. Afisa alipinga mpaka sauti ikamkauka. Wakamsikiliza kwa adabu, kama mvua inavyosikilizwa na mtu aliye ndani.

Jioni dada yake alimpitia nyumbani. Hakuja kugombana. Alivua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, akaugulia ndoa yake.

"Mdogo wangu, mpe chochote," alisema. "Yule akikosa kibao chenye jina lake atanuna, na anayelala na huo mnuno ni mimi. Hata hilo bonde halijui. Hajawahi kufika."

Afisa alikuwa akimenya viazi. Akaacha kumenya.

Kwenye kikao kilichofuata alipendekeza lango. Lango la mawe, refu, pale njia ya miguu inapoingia bondeni, lenye jina la mwenyekiti juu yake. Diwani mmoja akauliza kuhusu ukuta. Afisa akajibu kwamba ukuta ni awamu ya pili, na wote wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana awamu ya pili waliifahamu vizuri: ndiyo ile isiyokuja. Waliupitisha mpango wake mzima, pamoja na makatazo yote, wakiwa bado wanabishania rangi ya herufi.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe kwa mkasi butu, akavuka lango, akaona tope, akageuka. Picha zikapigwa, viongozi wote wakiwa wamelipa bonde kisogo. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kavu kichwani alipanda kutoka kijitoni, akalizunguka lango kwa pembeni bila hata kupunguza mwendo. Afisa mipango aliwatazama wakubwa wake, akawadharau mmoja mmoja, kisha akapiga makofi kuliko wote, na kwa hilo akajidharau kidogo na yeye.

Mvua zilipokatika, Bwana Maendeleo aliomba kibali cha kuchimba mchanga kule kijitoni. Afisa akamwonyesha katazo, na chini yake saini: ya Bwana Maendeleo mwenyewe. Akaondoka akinung'unika kwamba mji hauendelei.

Mwenyekiti hakulalamika. Alikuja ofisini akitabasamu, akataka lango jingine, upande wa kutokea. Shemeji yake alimchorea siku hiyohiyo.