Maji ya Saa Moja Asubuhi

Jumanne ya pili ya mwezi wa Februari, saa moja na robo asubuhi, Becky alikuwa akitenganisha nguo nyeupe na za rangi katika chumba chake cha mabati katika mtaa wa Kaptembwo. Alifulia watu nguo siku sita kwa wiki, na asubuhi hiyo hakuwa na maji. Redio ilikuwa juu ya kabati. Daktari Kibii, mkurugenzi wa maji wa bonde zima, alikuwa anaeleza mpango wa kuleta maji mjini. Alipofika penye maneno "kufikia mwisho wa awamu ya kwanza", redio ikaanza kudondosha maji.

Becky akasogeza sufuria chini yake. Alidhani paa linavuja, kisha akakumbuka kwamba mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi. Maji yalitoka kwenye matundu ya spika, membamba na baridi, mpaka Daktari Kibii alipomaliza na wimbo ukawekwa. Hapo yakakatika.

Akayanusa, akayaonja. Hayakuwa na ile chumvi ya kisima cha ploti walimopanga, iliyokuwa imeshayafanya meno ya watoto wake kuwa ya kahawia. Hilo ndilo lililomtia shaka.

"Kitu kizuri hivi na ni cha bure," akamwambia jirani yake Karanja, fundi wa viatu, "lazima kuna mahali kimetolewa."

Karanja alikuwa anatafuta ndoo ya pili.

Kipindi chenyewe kiliitwa Tuelezane, na kilirushwa na Redio Leleshwa kila Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa mbili asubuhi. Mtangazaji wake alikuwa Wariara. Babake aliwahi kuandikiwa barua ya Kiingereza na ofisi moja ya serikali, akaitunza ndani ya Biblia mwaka mzima akiamini ni ya kumshukuru, mpaka siku tingatinga lilipofika kubomoa duka lake. Wariara alipopata kazi ya redio aliomba kipindi kimoja tu: cha kuwaketisha viongozi na wataalamu, wamweleze mwananchi mambo yake kwa lugha anayoielewa. Mgeni akisema neno gumu, Wariara alimkatiza na kuuliza, "Hiyo maana yake nini kwa mtu wa Kaptembwo?"

Sasa watu wa Kaptembwo, ambao redio zao zote zilikuwa zikitoa maji, walianza kupiga simu.

"Wariara, mwambie huyo daktari akae kidogo."

"Una swali, boss?"

"Sina swali. Ndoo haijajaa."

Wariara alifuatilia jambo hilo kwa wiki tatu. Mtaalamu wa afya alipozungumza, redio zilibaki kavu. Diwani mmoja alitoa matone mawili, tena yenye matope. Ni Daktari Kibii peke yake aliyetoa maji ya kutosha, na hata yeye, akiulizwa swali la kujibiwa ndiyo au la, maji yalipungua. Akiachwa aeleze, yalifurika. Wasikilizaji walimsihi Wariara asimkatize. Meneja wa stesheni alimsihi vilevile, kwa kuwa kipindi hakijawahi kupata wasikilizaji wengi namna hiyo. Wariara hakupenda kusihiwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Ijumaa moja Becky alifika stesheni na kopo la majarini lililojaa maji. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu, kipande cha jani, na kiluwiluwi mmoja aliyekuwa mzima kabisa.

"Hii ilitoka jana, daktari akisema juu ya wadau," Becky akasema. "Mimi siogopi maji. Naogopa mwenye maji."

Wariara alilishika lile jani. Likizo za shule alikuwa akizimalizia kwenye mashamba ya kahawa, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza mtu kama ni la kahawa. Kesho yake akaenda Subukia, upande wa bonde unaolima kahawa.

Aliulizia chemchemi iliyopungua, akaelekezwa kwa Chesang, mjane mwenye miti mia mbili ya kahawa na ng'ombe wawili. Chesang alimkuta Wariara akiinama juu ya maji, akamtazama viatu kwanza, ndipo akamtazama uso.

"Wewe ni wa kampuni gani?"

"Mimi ni wa redio, mama."

"Wote husema hivyo."

Hata hivyo alimwonyesha mti aliousimika ndani ya maji, wenye alama za makaa. Chemchemi ilikuwa imeshuka alama kumi na tatu.

"Inashuka saa moja asubuhi," Chesang akasema. "Jumanne na Alhamisi. Saa mbili ikifika, inaacha. Nilishuku jirani yangu. Tumekosana mpaka kanisani hatukai benchi moja. Ng'ombe huyu alikuwa ananipa lita kumi na mbili, sasa ni tano."

Wariara alimwambia ni nini kilichokuwa kikitokea saa hiyo.

"Kwa hivyo ni mdomo," Chesang akasema. "Mimi nimekuwa nikitafuta bomba."

Jumanne iliyofuata Wariara alimuuliza Daktari Kibii hewani, "Maji haya yanatoka wapi?"

"Asante kwa swali hilo zuri," Daktari Kibii akasema. Akaeleza kwamba ripoti ya wataalamu ilionyesha chanzo hakitaathirika, kwamba jamii ilishirikishwa, kwamba mchakato unaendelea. Alieleza kwa dakika arobaini. Kaptembwo walijaza mitungi, madebe na karai, na mtu mmoja akajaza buti za mvua.

Kipindi kilipokwisha Daktari Kibii alibaki kwenye kiti, akifunga kifungo cha koti.

"Mpango ulikuwa na mabomba," Wariara akamwambia. "Yako wapi?"

"Mabomba hayakufika. Maji yanafika. Wewe ungechagua gani?"

"Yalikwenda wapi?"

Daktari Kibii alitoa karatasi kwenye mkoba wake, akamsomea. Nyumba zilizounganishiwa maji Kaptembwo zilikuwa elfu kumi na moja na mia nne. Wariara aliitambua hesabu hiyo. Ilikuwa ni idadi ya redio zilizofungulia kipindi, na ilitoka kwa meneja wake mwenyewe.

Alhamisi Wariara hakumwalika Daktari Kibii. Alimwalika Chesang, aliyetoka Subukia alfajiri amevaa nguo za kanisani. Alikiangalia kipaza sauti chini na nyuma kabla ya kukaa karibu nacho. Kisha akaeleza. Alitaja chemchemi, alama za makaa, kahawa inayokauka ncha, lita tano. Hakuna aliyemletea ripoti, hakuna aliyemwita mkutanoni. Wariara hakumkatiza hata mara moja kuuliza maana. Katika miaka sita ya Tuelezane hakukuwahi kuwa na mazungumzo yaliyoeleweka kama hayo.

Kaptembwo nzima halikudondoka tone.

Simu zikaanza kuingia. Karanja alikuwa wa kwanza.

"Huyo mama amesema ukweli, na pole yake sana. Daktari anarudi lini?"

Wengine wanane waliuliza hivyo hivyo. Wa kumi alikuwa Becky.

"Mama, mimi ndiye nilipeleka ile jani," akasema. "Nimekusikia. Hata nimelia. Lakini niko na nguo za watu za siku tatu hapa."

Chesang akasogea karibu na kipaza sauti.

"Sasa unataka nifanye nini, msichana wangu?"

"Sijui, mathe. Pengine upunguze kuongea kidogo, yeye aingie."

Nyuma ya kioo, fundi wa mitambo aliinua vidole viwili. Daktari Kibii alikuwa kwenye laini ya pili. Wariara aliweka wimbo, akaiacha taa ya laini hiyo iendelee kuwaka na kuzima mpaka wimbo ulipoisha. Meneja alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mikono mfukoni. Wariara akaifungua laini.

"Asante kwa swali hilo zuri," Daktari Kibii akasema, kabla ya kuulizwa.

Chesang akainuka, akajifunga leso kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini kipindi kitaisha saa ngapi.

"Saa mbili, mama."

Chesang aliitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili, na Subukia, kwenye chemchemi yake, ni mwendo wa saa nzima. Akakaa tena.