Pipi za Mwani za Bi Nasra

Jumamosi asubuhi Bi Nasra alikuwa jikoni kwake mjini, mtaa wa Raskazone, akikoroga juisi ya embe na pesheni pamoja na maji mazito ya mwani uliochemshwa na kuchujwa. Mwani ndio unaoigandisha juisi. Gelatini ya dukani hakuitaka, maana hakujua imetoka kwa mnyama gani, na sukari aliipiga marufuku tangu daktari wa meno alipomwonyesha magego ya mwanawe Yasini. Alitia asali kidogo, akamimina kwenye vibati vya umbo la samaki, akaviweka kwenye friji. Pipi zilipoganda, kwanza alijipiga picha nazo, kisha ndipo akamwita mtoto.

Yasini alikula tatu. Kabla hajamaliza ya nne, tumbo lake likawa linaonekana mpaka ndani, kama unavyoona chini ya bilauri ya maji. Mlikuwa na chapati, yai, nusu soseji, na juu yake wale samaki wa rangi ya chungwa. Bi Nasra aliinama akatazama vizuri.

"Na huo ubuyu umeutoa wapi?"

"Kwa Bibi."

"Si nilikukataza?"

Adhuhuri mtoto alikula wali, tumbo likafumbika, akarudi kuwa kama watoto wengine.

Wiki haikwisha mtaa mzima ukataka zile pipi. Jirani yake Loveness alisema amehangaika siku nyingi kujua wanawe wanakula nini huko shuleni, na sasa wakirudi anawafunua mashati tu. Bi Nasra akaanza kujirekodi kwa simu, akiwafundisha akina mama asiowajua namna ya kupika pipi zenye afya, kwa sauti ya mtu aliyevumbua embe.

Mumewe, Sadalla, alikuwa mnunuzi wa mwani. Aliununua kijijini Moa, pwani, kwa wanawake wanaoulima kwenye maji mafupi, wakifunga mashina yake kwenye kamba mpaka vidole vinachanika. Mwaka huo alikuwa amewashushia bei, akawaeleza kwamba soko la dunia lina matatizo. Soko la dunia alilitaja kwa masikitiko, kama mgonjwa wa ukoo. Ndiye aliyemshauri mkewe awapelekee pipi watoto wa shule ya Moa.

"Picha na watoto wa kijijini zinasaidia," alisema. "Watu wanapenda."

Wakaenda. Watoto walipangwa mstari kwenye ua wa shule, bahari nyuma yao, mashati yamepandishwa, wakasema shikamoo kwa pamoja. Bi Nasra aliwahutubia wazazi kwa kirefu. Soda ni sumu. Biskuti ni sumu. Mtoto apate matunda ya rangi mbalimbali kila mlo, na mzazi asimwendekeze kwa vyakula vya kukaanga. Wazazi walisikiliza kama watu wanaoelezwa jinsi ya kutunza farasi. Mwalimu mkuu, Edgar, alisikiliza akiwa amesimama karibu na jiko la uji, ambalo halikuwashwa tena tangu wazazi waliposhindwa kuchangia unga.

Pipi ziligawiwa. Watoto walizimeza bila kutafuna, na kuanzia wale wa darasa la kwanza matumbo yakaanza kuonekana, mstari mzima, mpaka mwisho. Ndani hamkuwa na kitu. Mlikuwa na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, amekaa peke yake. Mtoto mmoja tu alikuwa na kipande cha muhogo, na wenzake walimtazama yeye.

Bi Nasra alipita mbele yao na simu mkononi.

"Mashaallah," alisema. "Oneni matumbo yalivyo safi. Hakuna sukari, hakuna mafuta. Akina mama wa mjini, mnaona?"

Alisimama mbele ya msichana aitwaye Shadya, akampiga picha kutoka pembe tatu. Mama yake Shadya, Mboni, alikuwa hapo kando, nguo imelowa maji ya chumvi mpaka kiunoni.

"Sufuria yangu nayo safi, bibi," Mboni alisema. "Haijapikiwa tangu jana."

Bi Nasra alicheka kidogo, kwa adabu.

"Mwambie mumeo aturudishie bei yetu," Mboni akaendelea. "Utaona litakavyochafuka hilo tumbo."

"Mambo ya bei ni yao wanaume, dada yangu. Mimi nimekuja kwa ajili ya watoto."

Sadalla alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinavuma. Aliwapungia mkono.

Mjini tumbo hufumbika kwa mlo unaofuata. Moa mlo unaofuata ulichelewa, na muhogo uliopatikana jioni haukutosha kufumba kitu. Watoto wakabaki vile vile. Mwalimu Edgar, ambaye shule yake haikuwa na michoro ya sayansi, alimsimamisha Shadya mbele ya darasa akawaonyesha wenzake utumbo mdogo na utumbo mkubwa, nao wakachora. Afisa mmoja wa lishe alifika, akawatazama watoto, akasema wana nuru, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka na mwani wa zawadi.

Picha ya Shadya ikawekwa kwenye makopo ya pipi ambazo Bi Nasra sasa alianza kuziuza, bahari ikionekana kupitia tumboni mwake. Makopo yalitoka sana, mpaka Mombasa. Sadalla akahitaji mwani mwingi zaidi, basi akashusha bei tena, ili, alisema, akina mama waongeze bidii.

Mchana mmoja bahari ilipokupwa, Shadya alitoka shule akamfuata mama yake kwenye shamba la mwani, mbali, ambako maji yalifika magotini, amepandisha shati lisilowe. Mboni alikuwa ameinama, anafunga mwani. Aliinua uso. Kupitia tumbo la mwanawe aliviona vigingi vyote vya upande wa pili, vimesimama mstari, na kamba zake, na ndege mmoja aliyetua juu ya kimojawapo.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama. Nimeshiba."

Mboni aliinama tena.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nishikie kamba."