Ardhi Isiyotumika

Benchi la nje ya ofisi ya Daktari Njau, mkuu wa kituo, lilikuwa na msumari uliochomoza, na kufikia Alhamisi ile ya mwisho wa Oktoba 1997, Ruqayya alishajua namna ya kuketi bila kuraruliwa sketi. Wiki ya sita hiyo. Mtu mzima mwenye shahada mbili, kila wiki anakuja kuuliza kama fomu yake ya kuomba masomo imetiwa sahihi!

"Haiya, Ruqa, umekuja tena?" Wamboi, karani wa mkuu, alisema bila kuacha kupiga chapa. "Bado iko kwa meza. Mimi naiweka juu, yeye anaiweka chini."

"Jumatatu ndiyo mwisho wa kuituma, Wamboi."

"Najua, aki. Hata mwaka jana nilijua."

Mwaka jana Daktari aliitia sahihi siku tisa baada ya muda kupita. Mwaka juzi fomu ilipotea, na yeye ndiye akaulizwa kwa nini hakuweka nakala. Kanuni ya kituo cha utafiti ilikuwa hiyo: mfanyakazi haandikii chuo cha nje ila barua ipitie kwa mkuu. Watu walizeeka hapo Thika wakisubiri kupitia kwa mkuu. Wafadhili wa Uholanzi nao hawakumchukua mwanafunzi wa uzamifu aliyezidi miaka thelathini na mitano, na Ruqayya alikuwa anatimiza thelathini na sita mwezi wa Machi. Safari hii akikosa, basi amekosa kabisa.

Alichotaka kwenda kukiandikia tasnifu kilikuwa Ngoliba, kule chini kwenye ukavu, ambako kituo kilikuwa na ekari arobaini zilizozungushiwa seng'enge. Kwa miaka nane hapakulimwa hapo wala kuchungwa, na kuni hazikuokotwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe: kupaacha, halafu kutazama. Nyasi gani inatoweka mvua zikichelewa, miche mingapi inaota, migunga inachanua lini. Katika miaka hiyo nane migunga ilikuwa imeanza kuchanua majuma mawili mapema. Profesa mmoja wa Uholanzi alipoona majedwali yake alimwandikia mara mbili kumhimiza aombe nafasi.

Saa tano na nusu akaitwa. Daktari Njau alikuwa akinywa chai, kikombe kimekaa juu ya fomu yake.

"Keti, mama. Nimesoma. Kazi safi sana. Mimi hupenda watu wangu wakisoma."

"Asante, Daktari."

"Sasa na wewe unisaidie kitu kidogo."

Akamsogezea karatasi nyingine. Ilikuwa ripoti ya upimaji. Ekari arobaini za Ngoliba zimekaguliwa na kuonekana kuwa ardhi isiyotumika, na zinafaa kuachiwa kampuni fulani ya Ruiru kwa kilimo. Chini, kwenye nafasi ya shahidi, palikuwa na jina la Muthoka, mlinzi wa shamba. Ruqayya aliujua mwandiko huo. Ndio ulioandika kipimo cha mvua kila asubuhi kwa miaka nane, na hakuna asubuhi iliyorukwa.

"Mzee Muthoka ametia sahihi hii?"

"Waliuliza nini inalimwa hapo. Akasema hakuna. Nani analisha? Hakuna. Akaongeza mwenyewe, hata kuni haiokotwi, miaka nane sasa." Daktari alicheka, na kweli alifurahi. "Shahidi kama huyo utamtoa wapi?"

Ruqayya alimwona mzee wa watu katika koti lake la kaki, amesimama wima mbele ya wageni walioshuka kwenye Landrova ya kituo, akiripoti kwa fahari kwamba hapajaguswa hata kijiti. Alidhani anakaguliwa kazi. Pengine aliwachemshia na chai. Masikini, mzee Muthoka!

"Daktari, kupaacha ndio utafiti wenyewe. Wewe unajua."

"Mimi najua. Wewe unajua. Wakubwa hawajui, na kura ni Desemba, kuna watu wameahidiwa." Akatoa biro mfukoni. "Inahitajika sahihi ya mtaalamu, na mtaalamu wa hapo ni wewe."

"Na nisipotia?"

"Hiyo shamba itaenda tu. Nitatafuta mwingine asaini. Wewe utabaki hapa Thika na hutakuwa na nyasi ya kuhesabu." Alisema kwa upole, kama mtu anayemshauri binti ya ndugu yake. "Mimi siwezi kukuzuia kusoma, Ruqayya. Ni wewe utajizuia."

"Fomu inauliza kama eneo litalindwa mpaka mwisho wa masomo."

"Nitajibu ndiyo."

Na akajibu ndiyo, pale pale, akatia alama kwenye kisanduku, akatia sahihi, akapiga mhuri. Kisha akageuza biro na kumpa.

Ruqayya alimchukia. Akawaza: ardhi ya serikali huchukua miaka kubadilisha jina, waulize wanaopanga foleni ya hati. Akawaza: madaftari ya miaka nane ninayo. Alikuwa anajidanganya na alijua. Akatia sahihi. Daktari aliigonga na ripoti mhuri ule ule, wino haujakauka, akampa fomu yake kwa mikono miwili.

"Usitusahau huko kwa wazungu," akasema.

Kisha ikaja mvua ile. Siku, wiki, mwezi wa pili, haikatiki. Madaraja yalisombwa, barabara ya Ngoliba ikafungwa, kura zikapigwa watu wamesimama ndani ya maji. Katikati ya Januari barua ya Uholanzi ikafika: amekubaliwa. Mama yake, Bi Mishi, alipika pilau, akagawa nyumba kumi za mtaa wa Majengo, akipita mlango kwa mlango na sahani. Ruqayya alikula na wenzake na akacheka walipocheka. Hakumwambia mama kwamba barua ilikuwa na ukurasa wa pili.

Profesa aliandika kwamba mvua ya namna hii ni ya mara moja katika maisha ya mtafiti. Alitaka ahesabu miche iliyoota baada yake, kwenye vipande vile vile, na atume takwimu kabla ya mwisho wa Februari. Kwa hizo ndipo ufadhili ungethibitishwa.

Barabara ilipofunguliwa akaenda. Seng'enge ilikuwepo. Ndani yake, kutoka kigingi hadi kigingi, palikuwa na matuta na mahindi yanayofika gotini. Hapakuwa na mgunga hata mmoja. Alisimama getini.

"Mwalimu! Nimekungoja sana!"

Muthoka alikuja akiharakisha, amevaa gambuti mpya. Kampuni ilimwacha kazini, akaeleza, ni watu wazuri. Kipimo cha mvua hawakukigusa, na yeye hajaruka siku.

"Mzee, uliwafunguliaje?"

"Mwanzo nilikataa!" Akakunja uso, kama ametukanwa. "Niliwaambia hii ni ya mwalimu, hapaingii mtu. Ndio wakatoa karatasi. Nikaona sahihi yako, naijua. Nikasema, kama mwalimu ameandika, yeye ana mpango wake. Nikafungua."

Ruqayya akaingia ndani ya geti.

"Lakini sikulala," mzee akaendelea. "Tingatinga ilipofika, hiyo haijali barabara kufungwa, niliwaambia wangoje. Nikapita mti kwa mti na koleo ya kung'olea misumari, siku mbili nzima, wananicheka." Akaingia kibandani mwake, akatoka na mkebe mkubwa wa mafuta ya Kimbo, umejaa mpaka juu. Vilikuwa vile vibati vya alumini ambavyo Ruqayya alikuwa amevigongomea migunga yote, kila mti na namba yake. "Nimekuwekea vyote. Mia mbili na kumi na vinne. Huko unakoenda utavitaka, si ndiyo? Hesabu mwenyewe, usije ukasema Muthoka amepoteza."

"Nakuamini, mzee."

"Hapana. Kazi ni kazi. Hesabu."

Alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, anangoja. Basi Ruqayya akaketi juu ya tuta, katikati ya mahindi, akamimina vibati kwenye mtandio wake na kuanza kuvihamisha kimoja kimoja. Alipofika thelathini na saba mzee akamsimamisha.

"Hicho umekihesabu mara mbili," akasema.

Ruqayya akavirudisha vyote, akaanza upya.