Safu Mbili Juu ya Theluji

Simu ilizimika kwa baridi mkononi mwa Kullow, na mlima nao ukazimika. Wingu lilikuwa limeshuka. Mbele weupe, nyuma weupe, wala haikujulikana mbingu iliishia wapi. Alasiri ilikuwa ikipungua. Upande mmoja wa kilele palikuwa na lango walikoacha gari. Upande wa pili, genge la mwamba.

"Vidole vya miguu sivihisi tena, Baba Hamdi," alisema mkewe Khadijo.

Ni yeye aliyeiomba safari hii ya Wales, Desemba hiyo ya 2017. Miaka yote waliyoishi mjini, mtaa wa Hodge Hill, theluji aliyoijua ni ile iliyosagwa na magurudumu, nyeusi kama masizi ya chungu. Alitamani, kabla magoti hayajamsaliti, aione theluji isiyokanyagwa na kiumbe. Kullow, mtandika mazulia wa mtaa wa Hockley, alimpandisha polepole mpaka juu. Adhuhuri walisali papo hapo kileleni, mume mbele, mke nyuma, simu ikiwaonyesha kibla. Kisha wakazurura kama watoto, na wingu likawafumania.

Sasa walitembea kama watembeao ndani ya usingizi. Ghafla mguu wa Khadijo ukazama.

"Simama! Hapa ndipo tuliposali."

Alama za mapaji na magoti zilikuwapo bado, zikifukiwa chembe kwa chembe.

"Basi tumezunguka bure," alisema Kullow. "Lango liko kushoto. Moyo waniambia."

"Moyo wako ndio uliotuzungusha! Misikiti mizima umeinyooshea safu za mazulia, leo wataka kwenda kwa moyo? Nilipotoa salamu ya kulia nililiona lango kule chini, dogo kama kifungo cha kanzu."

"Kumbe ulikuwa ukitazama mandhari ndani ya sala?"

"Mola atanisamehe. Wewe pima."

Kullow alipiga magoti. Akavua shali ya shingoni, akaivuta kutoka alama ya paji la mkewe hadi ya paji lake, ikakazika kama uzi anaoutandaza kabla kisu hakijagusa zulia. Hicho ndicho kibla. Akasimama juu yake, akageukia kulia, na kila mshipa wa mwili wake ukamvuta kushoto. Akafumba macho.

"Shika koti langu," alisema hatimaye. "Bismillahi."

Kila baada ya hatua kadhaa aligeuka kuzitazama nyayo zao, akizinyoosha kama mshono. Ardhi ikaanza kuteremka, pole, bila genge. Wingu likawa shashi, shashi ikapasuka.

Chini ya wingu kondoo jike alikuwa amelala, theluji mgongoni. Alipowaona aliinuka, akajikung'uta, akaondoka kuelekea lango, lililoonekana sasa hatua chache mbele, akaacha mahali pa majani mabichi panafuka mvuke. Khadijo alivua glovu, akainama, akaweka kiganja.

"Njoo uguse," alinong'ona.

Kullow akachutama kando yake. Chembe za theluji zilitua moja moja juu ya yale majani, na moja moja zikawa maji.