Mstari Uliotoka Mlangoni

Jumatatu saa mbili asubuhi, karani wa takwimu wa kituo cha afya alibandika ukutani chati ya robo mwaka, akarudi nyuma hatua mbili, akaifurahia. Mstari wa watu waliogundulika na virusi vya Ukimwi ulikuwa umeporomoka kutoka arobaini na mmoja hadi sifuri. Vipimo vilikwisha miezi mitatu nyuma, na fomu haina pa kuandika “hatukupima”. Ina kisanduku cha namba tu. Karani, mtu asiyependa makuu, alijaza sifuri.

Saa nne mstari ulifika ukingoni mwa karatasi na haukusimama. Ulishuka ukutani, ukapita chini ya meza ya mganga mkuu, aliyeinua miguu kuupisha, ukatoka mlangoni.

“Hebu ufuate,” alisema mganga mkuu, akamalizia chai yake. “Isije ikawa umebandika vibaya.”

Karani alibeba kitambaa cha kufutia, lakini wino haukufutika. Mstari ulikata barabara, ukaruka nyumba nne, ukaingia ya tano, kwa fundi wa kuchomelea.

“Mliniambia nirudi kupima wiki ijayo,” alisema fundi, akiuchungulia. “Hiyo wiki ijayo bado haijafika?”

Kisha ukapinda kwenye geti ambalo karani angelijua hata akiwa amefumba macho. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa kibarazani anakunja nepi, akiwa na mimba ya miezi minane. Mstari ulisimama kwenye kidole chake cha mguu.

“Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema dada. “Mimi sikuficha, mdogo wangu. Nilikuja kupima mara tatu. Ukaniambia nisijali, mambo yanashuka.”

Karani aliona aibu, na akaogopa sana. Dawa za kumkinga mtoto zilijaa kabatini kituoni, ila hazitolewi bila majibu ya kipimo. Alikimbia akapiga simu bohari kuu.

“Vipimo vinapelekwa kwenye uhitaji,” alijibu mtunza bohari. “Nyie mna sifuri. Hongereni jamani!”

Ijumaa wakubwa walileta cheti cha pongezi chenye fremu. Waliuvuka mstari mlangoni kwa uangalifu, wasichafue viatu. Mtaani nako watu waliuzoea. Walifagia pembeni yake, na fundi alisema ni mgeni mzuri, hali wala halali.

Mtoto alizaliwa wa kiume, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuuza samaki. Karani alimkuta dada kitandani. Mstari ulikuwa umechipua tawi jembamba, limepanda godoro, limefika kwenye kisigino cha mtoto.

“Mjomba mtu, hebu nishikie nipumzike.”

Akampokea. Tawi likarefuka kidogo ili lisimwachie mtoto. Alimbeba mpaka dada akapata usingizi wa kutosha.

Jumatatu, saa mbili, alifungua fomu mpya. Kwenye kisanduku akaandika sifuri.