Mikwaruzo ya Mlango wa Nyuma

Agripina alifungua mlango wa nyuma wa gari la Zabron, akapangusa plastiki kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akasubiri ikauke. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya gereji, karibu na stendi ya Mbinga. Mafundi wengine walishughulika na injini na mabati. Yeye alirekebisha vya ndani, dashibodi zilizopauka na plastiki zilizokwaruzwa. Kazi hiyo haikuhitaji maneno mengi, ndiyo maana aliipenda.

Zabron, mnunuzi wa kahawa, alisema mlango umekwaruzwa na magunia. Jumamosi gari lingembeba mchumba wa mdogo wake kwenda kufunga ndoa, kwa hiyo alitaka uwe kama mpya.

Agripina aliwasha mashine ya hewa ya moto, akaipitisha taratibu juu ya plastiki nyeusi. Ilipolainika, alikandamiza juu yake kipande cha ngozi alichokata kwenye mkoba wa kanisani wa marehemu mama yake, ili vile vinundu vidogo virudi kama vilivyotoka kiwandani. Mikwaruzo ikapotea. Asubuhi ilikuwa imerudi: minne mirefu, na mmoja mfupi pembeni.

"Hiyo plastiki ina kiburi," alisema Jonas, fundi wa mabati. "Ongeza moto."

Aliongeza moto. Mikwaruzo ikarudi, safari hii imerefuka kidogo, kama kucha. Jonas akashauri msasa, akarudi kugonga bati lake. Agripina aliweka vidole vyake kwenye mikwaruzo, vikaingia humo sawasawa. Plastiki ilikuwa na joto, ingawa mashine ilikuwa imezimwa na ukungu ulikuwa haujaondoka. Aliviacha hapo muda mrefu. Zaidi ya kupeana amani kanisani, hakukumbuka mara ya mwisho kushikana mkono na mtu.

Mchana alifika mwanamke mwenye ndoo ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Alijitambulisha kuwa ni Hilda, wa kijiji cha Ngumbo, akaomba kukaa ndani ya gari hilo kidogo.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu."

Hilda alikaa kiti cha nyuma, ndoo mapajani, akaeleza bila haraka. Binti yake Perpetua alishikwa na uchungu, na zahanati ikasema apelekwe hospitali ya Mbinga. Gari lililokuwepo lilikuwa hili. Viti vingine vilikuwa vimetolewa kwa ajili ya kahawa, nafasi ikabaki ya mtu mmoja, akaenda bila ndugu. Baadaye Zabron aliwaambia kwamba Perpetua alilala njia nzima, na kwamba yeye na mtoto waliondoka kwa amani. Watu wa Kitura, njiani, walisema gari lilisimama kwao mpaka magunia yote yalipopakiwa, maana mvua ilikuwa inakuja.

"Tulipomwosha tulikuta unga mweusi kwenye kucha zake," alisema Hilda. "Tukadhani ni udongo wa shambani. Nikachukua kijiti, nikausafisha mwenyewe. Nilitaka aende msafi."

Aliweka kiganja kwenye mlango. Kisha akavuta kitasa ili ashuke, na mlango haukufunguka. Agripina alizunguka akamfungulia kwa nje. Aliona kile kidude cha kuzuia watoto wasifungue mlango kwa ndani; kilikuwa kimefungwa. Akakifungua.

"Usiifute, mwanangu," alisema Hilda. "Sina kingine alichoandika."

Jioni Zabron alikuja. Agripina, akitazama viatu vyake, alimwambia kwamba hii haikuwa mikwaruzo ya magunia. Zabron aliichungulia.

"Fundi, nilikuletea gari. Sikukuletea kesi." Alisema kesho ikiwa bado ipo, atang'oa plastiki yote aichome, aweke nyingine. Kabla hajaondoka alikifunga tena kile kidude cha mlango kwa ukucha wa kidole gumba. Abiria wa nyuma, alisema, hushuka ovyo.

Agripina alibaki. Hakuwasha mashine. Aliinama karibu na mlango.

"Dada, hapa watakuchoma," alisema. "Njoo kwangu. Kiti kipo."

Chumbani kwake kulikuwa na viti viwili vya plastiki. Kimoja alikalia, kingine kilikaliwa na nguo zilizokunjwa, kwa kuwa hakuna mgeni aliyekuja. Jioni hiyo alizihamishia kitandani. Asubuhi mikwaruzo ilikuwa kwenye mkono wa kiti hicho, minne mirefu na mmoja mfupi, ina joto. Mlango wa gari ulikuwa laini. Zabron aliupapasa, akasema kumbe fundi anaweza akitaka.

Jumamosi Hilda alipomaliza soko, Agripina alimkaribisha kwake, nyumba ya pili kutoka kanisani. Hilda alikaa kwenye kile kiti, akaingiza vidole vyake mahali pake, akafumba macho. Agripina alimimina chai.

Honi zilipolia, Agripina alitoka mlangoni. Gari lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, limepambwa maua. Zabron alikuwa ameshuka, anasalimiana na watu, anacheka. Nyuma, bibi harusi alivuta kitasa. Akavuta tena. Kisha akaweka kiganja kwenye plastiki laini ya mlango, akatulia, akisubiri kufunguliwa.