Ajira ya Nice

Mzee Mutayoba hakuwa mwongo. Hilo tuliweke sawa mapema, maana watu wa Kiseke wana midomo. Miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa shule, na walimu wakuu wazima, wenye matumbo na suti, wakiona gari lake walikuwa wanakimbilia chooni. Hakuwahi kusaini ripoti ya darasa ambalo hakuingia. Hakuwahi kupokea hata jogoo. Uongo wake wa kwanza ulimkuta ana miaka sitini na minne, amestaafu, amesimama getini kwake na kandambili, anamwagilia migomba miwili aliyoileta kutoka kwao Muleba, Uhayani, kwa mbwembwe zote.

Aliyeusababisha ni jirani yake, Mama Luhaga, Msukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye kila Alhamisi hufuata dagaa Igogo na kuja kuwauza Kiseke. Siku hiyo alitua beseni chini kabla hata ya kufika kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Za Igogo?"

"Za Igogo nzuri. Nimemwona Nice wako kule, kituo cha afya. Kakaa kwenye benchi la vijana. Lile la wale wenye..." Akazungusha kidole karibu na sikio.

Sasa, ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Nice ni binti yake wa mwisho. Mwezi wa tatu alirudi kutoka chuoni, mwaka wa pili haujaisha, akaingia chumbani akalala. Siku zikawa wiki. Chakula alikuwa anakigusa kwa kijiko kinarudi jikoni. Nywele hasuki, simu hapokei. Asubuhi moja alimwambia mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeomba chumvi, kwamba haoni sababu ya kuamka. Mama yake, Prudencia, hakungoja kikao cha ukoo. Alimvalisha viatu kwa mikono yake akampeleka kliniki ya vijana, Igogo, kwa sababu Mutayoba alishikilia iwe mbali na macho ya Kiseke. Nesi wa pale, Odeta, alisema hiyo ni sonona, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika. Basi kila Alhamisi Nice anaonana na nesi, halafu anakaa na vijana wenzake kwenye viti vilivyopangwa duara, wanazungumza. Mwezi wa pili wa matibabu alianza kumaliza sahani. Juzi tu alicheka kitu kwenye simu, na Prudencia akaacha mchele kwenye ungo akaja kusimama mlangoni amsikilize.

Hayo ndiyo yalikuwa ya kusema. Sentensi mbili zingetosha. Lakini Mzee Mutayoba alikitazama kile kidole kinachozunguka sikioni, akauona ukoo wake mzima, maprofesa wawili, padri mmoja na yule binamu wa benki, wote wanazunguka kwenye ncha ya kidole cha muuza dagaa. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ameajiriwa pale," alisema.

"Eee!" Mama Luhaga alishika kiuno. "Kumbe! Ameajiriwa kama nani?"

Hapo angeweza bado kurudi nyuma. Angesema anafagia. Angesema anajitolea. Lakini Mhaya akishaanza kupanda ngazi unamwambiaje aishie ya pili?

"Mshauri wa vijana," alisema, akainua mpira wa maji juu kidogo. "Mambo ya kitaalamu."

Kufika jioni Kiseke nzima ilikuwa na habari. Wengine walisema nesi, wengine daktari. Mama Luhaga hakutia chumvi yeye mwenyewe, ila aliwauzia wateja wake dagaa pamoja na habari, na kila mteja alikwenda kuvikaanga vyote viwili nyumbani kwake.

Prudencia alipoisikia dukani alirudi amevimba. "Mutayoba! Umemwajiri mwanangu bila yeye kuomba kazi?"

"Nilikuwa namlinda."

"Unamlinda na nini? Na dagaa?"

Nice alikuwa pale mezani. Alimtazama baba yake, akasema, "Sawa, Baba," akaendelea kumenya ndizi. Mutayoba aliichukua ile sawa kama ruhusa. Wanaume, jamani.

Kuanzia hapo Alhamisi ikawa na sare. Mutayoba alimnyooshea blauzi mwenyewe, kwa pasi ya mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Akamtafutia mkoba wake wa zamani wa ukaguzi, mweusi, wenye kufuli. Akamvalisha shingoni kitambulisho cha chuo, aking'ang'ania kigeuzwe ili uonekane upande wa nyuma tu, usio na maandishi. Nice akawa anakwenda kutibiwa amebeba mkoba mtupu. Kule benchini vijana wenzake walimwita Bosi.

Halafu Deodatus, mwenyekiti wa jumuiya, akapita kutoa pongezi. Jumuiya yao ya kanisa ina nyumba kumi na nne, na Deodatus anazipenda zote, hasa saa za kula.

"Mzee, mtoto ameajiriwa serikalini na hatujanusa hata mchuzi? Wahaya mmekuwa wa hivyo?"

Angemchoma kisu ingeuma kidogo kuliko hilo. Jumamosi ile mbuzi akachinjwa. Ndizi zikapikwa sufuria mbili, na wale senene wa mwisho, panzi wa kukaanga wa kwao Muleba, ambao Prudencia alikuwa amewaficha kwenye kopo la maziwa, wakatolewa wakaliwa. Watu walicheza. Deodatus alitoa hotuba. Nice alisimamishwa, akapigiwa makofi kwa kazi ambayo hana, akasema "Nawashukuruni" mara mbili. Mama mmoja alimuuliza dawa ya kukosa usingizi, naye akamjibu vizuri sana, polepole, yale aliyoambiwa yeye na Nesi Odeta. Yule mama alimshika mikono akalia. Mutayoba akiwa kwenye kiti chake cha uvivu akafikiri moyoni: unaona? Si uongo sana.

Ndipo Mama Luhaga alipomvuta Nice pembeni, nyuma ya migomba.

"Mwanangu, nisaidie. Luhaga wangu tangu matokeo yatoke hatoki chumbani. Huu ni mwezi wa tano sasa. Hali, haongei, ukimwita anageukia ukutani. Mfanyie mpango pale kazini kwako. Hata kufagia, hata kulinda geti. Akipata kazi si atatoka?"

Nice alijua kabisa Luhaga anahitaji nini, maana ukuta ule alishautazama yeye. Alitaka kumwambia: mlete, nitakaa naye, hata mimi nililetwa. Lakini angesemaje, na mbuzi wake bado yuko kwenye sahani za watu?

"Mama, mlete tu Alhamisi," alisema.

"Kwenye usaili?" Mama Luhaga aliruka. "Aje na vyeti?"

Usiku ulipoingia wageni wakaisha, na Nice akaweka ule mkoba mweusi juu ya mapaja ya baba yake. "Mama Luhaga anamnunulia Luhaga tai," alisema. "Mtoto anaumwa, Baba, na mimi nimemwita kwenye usaili. Siwezi kwenda tena pale. Pale ndipo mahali pekee nilipokuwa sidanganyi, sasa napo nakwenda na mkoba."

"Itapita, mama. Watu watasahau."

"Mimi siendi."

Na hakwenda. Alhamisi ile alisema kichwa kinauma. Mama Luhaga alipobisha hodi asubuhi, na mwanawe amesimama nyuma yake na tai nyekundu na bahasha, anatazama miguu yake, Mutayoba aliwaambia usaili umeahirishwa. Uongo wa pili huo, au wa kumi, alishaacha kuhesabu. Alhamisi iliyofuata Nice hakusema hata kichwa. Alilala tu. Jumatatu sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Jumanne vivyo hivyo. Prudencia aliibeba ile sahani akaiweka mbele ya mume wake, juu ya gazeti alilokuwa anasoma. Mutayoba alitazama wali uliopoa na samaki asiyeguswa. Aliogopa. Nasema aliogopa kweli, yeye aliyekuwa anawatisha walimu wakuu.

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi sebule ilijaa, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mikeka. Walisali, wakasoma, wakaimba. Ukafika wakati wa matangazo, Deodatus akasafisha koo.

"Kuna hili suala la vijana wetu. Tuna bahati, tuna mtaalamu wetu hapahapa. Tunamwomba Daktari Nice atupe semina. Mzee, tuitie mtoto."

Macho yote yalimgeukia. Mutayoba alitazama mlango wa chumba cha binti yake, umefungwa. Ilikuwa rahisi tu kusema amesafiri kikazi. Neno lilishafika kwenye meno, tena na jina la mji: Dodoma. Akalimeza, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akashika mikono nyuma kama alivyokuwa akishika mbele ya wajumbe wa bodi.

"Ndugu wanajumuiya, nina taarifa fupi yenye sehemu tatu," alisema. "Sehemu ya kwanza. Nice hajaajiriwa. Hajawahi kuajiriwa. Mbuzi yule mlimla bure."

Kuna mtu alikohoa. Deodatus alishika tumbo lake kana kwamba anadaiwa.

"Sehemu ya pili. Nice anaumwa. Ugonjwa wake unaitwa sonona. Alikuwa anatibiwa Igogo, kliniki ya vijana, kila Alhamisi, na alikuwa anapona. Sehemu ya tatu..." Akafungua kifungo cha koti. Akakifunga tena. "Ya tatu, ameacha kwenda, kwa sababu yangu. Nilimwonea aibu mtoto ambaye hajafanya kosa lolote. Siku hizi hali chakula. Ninaogopa nitampoteza. Huo ndio mwisho wa taarifa."

Akaketi. Bata wa jirani wakasikika hadi sebuleni. Hakuna aliyempa pole, hakuna aliyemkumbatia, msidhani. Deodatus alisema, "Ee, basi, tumalizie na sala," akaisali haraka kuliko siku zote. Mama Luhaga alikuwa wa kwanza kutoka, hata kanga aliisahau kwenye kochi. Chai ya watu ishirini ilibaki kwenye chupa. Mutayoba alikaa katikati ya makochi matupu akijua kwamba jina la ukoo limekwisha, na kwamba kufikia saa nne litakuwa limekaangwa na dagaa.

Prudencia alimmiminia kikombe cha kwanza, kile kikubwa cha wageni wa heshima, akakaa ubavuni mwake. Haikuwa kawaida yake.

Mlango ukafunguka. Nice alisimama na shuka begani, nywele zimesimama zote.

"Baba, umetaja sonona mbele ya jumuiya nzima?"

"Nimetaja."

"Na mbuzi umemtaja?"

"Ilikuwa lazima awemo kwenye taarifa."

Nice aliziba mdomo kwa shuka. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda wazee wale wawili kuelewa kwamba hicho ni kicheko. Akaja akakaa, akachukua andazi moja. Halikuisha, lakini alilikata nusu, na ile nusu ilikwenda.

Alhamisi walikwenda wote wawili, baba na binti. Mkoba ulibaki nyumbani. Igogo jua lilikuwa limeshaanza kuwaka na harufu ya dagaa imetanda hadi kwenye uzio wa kituo. Mutayoba alilikagua lile benchi, akalitikisa mguu mmoja mmoja, akaona linafaa, akakaa katikati kabisa, mahali panapoonekana na kila apitaye. Nesi Odeta alimchukua Nice ndani bila kumuuliza alikuwa wapi.

Hazikupita dakika kumi akamwona Mama Luhaga anaingia getini, bila beseni. Nyuma yake Luhaga, bila tai, amevaa jaketi lenye kofia imeshuka hadi machoni. Mama Luhaga alipomwona Mutayoba alisimama kama aliyekanyaga mwiba.

"Shikamoo, mzee. Mimi nimekuja kupima presha."

Mutayoba aliujua uongo ule. Ulikuwa ndugu wa damu na wa kwake. Alisogea, akapangusa benchi kwa leso.

"Marahaba, mama. Foleni ya presha ni hiihii. Kaeni."

Wakakaa watatu, Mama Luhaga anaminya pindo la kanga. Mlango ukafunguka, Nice akatokea na kipande cha karatasi aliyopewa na nesi. Alipomwona Luhaga hakushtuka wala hakumhurumia. Aliinama kidogo, amwone chini ya kofia.

"Luhaga, twende. Ukiingia chukua kiti cha dirishani, mtu hakulazimishi kuongea. Mimi mwezi mzima sikuongea."

Luhaga aliutazama ule mlango. Kisha akasimama. Mama yake alifunika uso kwa kanga, akalia waziwazi, na hakujali nani anapita.

Alipotulia alimgeukia Mutayoba na macho mekundu. "Mzee, niambie ukweli. Huyu mtoto hawajamwajiri hapa?"

Mutayoba aliutazama mlango ulivyofungwa nyuma ya vijana wale wawili. Neno lile la zamani likamjia tena mdomoni, tamu kama lilivyokuwa siku ya kwanza.

"Hapana, mama," alisema. "Anatibiwa."

Na alilisema kwa sauti ya kutangazia mahafali, mpaka watu wa foleni ya wajawazito wakageuka.